Nataka kuanza kuuza bagia na kashata kwenye magulio, niko Mtwara mjini na mtaji wa laki mbili, naomba mawazo yenu

Binti_Chuno:
Habari zenu wakuu, poleni na majukumu. Mimi ni dada wa miaka 26, naishi Mtwara mjini hapa Chuno, nina mtoto mmoja anasoma chekechea. Nilikuwa nauza duka la mtu, mwenyewe kahama na duka kalifunga, na kiukweli sitaki tena kwenda kuomba kazi kwenye duka lingine, nataka kitu changu hata kama kidogo.

Nimefikiria sana nikaona niingie kwenye vitafunwa, ila sio kukaa mtaani mana hapa kwetu kila nyumba ya tatu kuna mtu ana karai, nataka niwe nazunguka kwenye magulio ya vijijini siku za gulio na siku zingine nipate pa kukaa mjini. Bagia za kunde nazijua toka kwa bibi yangu, kwenye shughuli za watu mtaani huwa naitwa mimi nikaange, kashata na visheti najua, sambusa najua. Nilikuwa nawaza nianze na vyote hivyo pamoja na juisi ya ukwaju ili mteja asikose anachotaka.

Nina laki mbili taslimu, karai moja kubwa, jiko la mkaa, ndoo mbili zenye mifuniko na meza ya kukunja. Usafiri sina, nitapanda hizihizi hiace au bodaboda. Kuna mama mmoja anakopesha, kaniambia atanipa laki tatu nirudishe laki nne na nusu ndani ya mwezi, anasema wengi wameanzia hapo.

Ninachoomba kujua, hiyo hela inatosha kuanzia au nichukue na huo mkopo? Nianze na vitu gani? Halafu magulio yenyewe ni muda gani wa mwaka yanakuwa na hela mana nasikia kuna miezi watu wanakuja kuangalia tu. Na vibali je, mtu wa meza moja anadaiwa nini? Natanguliza shukrani.

Mama_wa_Karai:
Mwanangu hongera kwa kuamua. Mimi niko Mikindani, nakaanga mihogo na bagia miaka mingi, watoto wangu wamesoma kwa karai hilihili kwa hiyo ninachokwambia nakijua.

Kwanza mkopo wa huyo mama usiuguse. Laki tatu inarudi laki nne na nusu kwa mwezi, hiyo laki na nusu ya juu utaitoa kwenye bagia ya shilingi mia? Hata kama kila bagia ingekuachia faida ya hamsini, ambayo haifiki, ungetakiwa uuze bagia elfu tatu ili ulipe riba peke yake, bado mtoto hajala, bado laki tatu yenyewe. Ndo mana wanaiita kausha damu. Na hela ya kuanzia unayo, laki mbili kwa mtu mwenye karai na jiko tayari ni hela ya kutosha kabisa usiidharau.

Pili usianze na vitu vitano. Chukua kimoja cha kukaanga na kimoja kinachoweza kulala, basi. Bagia na kashata umepatia wewe mwenyewe kwenye kichwa cha habari, bakia hapohapo. Bagia inaliwa leo, ikilala inakuwa ngumu na mafuta yanarudi juu, kashata ikibaki leo unaiuza keshokutwa kwenye gulio lingine, kwa hiyo siku bagia zikikudodea kashata inakulinda. Sambusa inataka nyama au samaki, inataka manda, inataka mtu wa kukunja wakati wewe uko kwenye moto, peke yako utalia. Juisi inataka barafu na maji ya kuaminika na glasi za kuosha, huko kijijini maji ya kuoshea utayatoa wapi. Ukipata msaidizi baadae ongeza.

Kuhusu bagia zenyewe, mjini unakaangia nyumbani kwako kila kitu kipo karibu, gulioni unasafiri na unga wako uliosagwa na jua letu hili unalijua. Loweka kunde usiku, alfajiri toa maganda, saga na maji kidogo sana, ukizidisha maji bagia inakunywa mafuta na mafuta ndo hela yako yote. Chumvi na vitunguu usiweke nyumbani. Ukishaweka vinatoa maji, ukifika huko unga umelegea na umeanza kuchachuka. Beba vitunguu vizima, ukafike ukatie huko, changanya kidogokidogo kila mkupuo, upige kwa mkono mpaka unga uwe mwepesi ndo utie kwenye karai. Watu wakiona unachanganya mbele yao wanakuja wenyewe, harufu ya kitunguu kibichi kikiingia kwenye mafuta ya moto inaita watu kuliko kelele.

Mtu_wa_Tandahimba:
Dada swali lako la msimu ndo kubwa kuliko yote, ngoja nikueleze mimi wa huku kwenye korosho.

Huku kwetu hela haiji kila mwezi. Korosho zinaanza kuokotwa kuanzia mwezi wa tisa wa kumi hivi, wakulima wanapeleka AMCOS, yani chama cha ushirika cha msingi cha kijijini, zinaenda ghalani, zinapigwa mnada na vyama vikuu, huku kwetu Tandahimba na Newala ni TANECU, kwenu Mtwara na Masasi ni MAMCU, halafu hela ya mkulima inaingia benki. Ndo huo mfumo wa stakabadhi ghalani ulioanza kwenye korosho 2007. Sasa wewe wa bagia unachotakiwa kuelewa ni kwamba siku ya mnada sio siku ya hela, mnada unaweza kufanyika wiki hii na hela ikaonekana baadae, kwa hiyo usije na mzigo mkubwa kwa sababu umesikia redioni korosho zimeuzwa bei nzuri. Ongea na watu wa kijiji husika, uliza kama malipo yameingia. Yakiingia utaona foleni benki pale mjini Tandahimba na Newala, watu wametoka vijijini alfajiri hawajanywa chai wanasimama mpaka mchana, hapo mtu mwenye bagia za moto na chai ya rangi hahitaji gulio kabisa. Halafu gulio la kwanza baada ya malipo ndo unakuja na kila ulichonacho.

Kuanzia mwezi wa kumi mpaka wa kwanza hela ipo. Ikifika wa pili mpaka wa nne mvua inanyesha, njia za vumbi zinakuwa tope, watu wako mashambani wanalima chakula na mfukoni hamna kitu, hapo gulioni anakuja mtu na mia tano ya kununua chumvi na kiberiti. Miezi hiyo usiende vijijini kwa nguvu, kaa mjini. Kuanzia wa tano wa sita wanapopuliza mikorosho vibarua wanapata visenti kidogo, sio vibaya. Na huo wa sita na wa saba upande wa Lindi wanauza ufuta, Ruangwa Nachingwea na Liwale huko, sasa ukiweza kuwa na ndugu upande ule unahamia kwa muda.

Kitu kingine, korosho za kukaanga au kashata za korosho usilete kijijini. Kila nyumba ina mikorosho uani, nani atanunua? Hizo kauze stendi kuu ya Mkanaledi kwa abiria wa Dar, wale wananunua kupeleka zawadi. Kijijini lete kashata za nazi, sisi wa bara ya huku nazi sio nyingi kama pwani na watoto wanazipenda sana.

Binti_Chuno:
Mama asante sana, na kaka wa Tandahimba umenifungua macho mana mimi nilikuwa nahesabu magulio yote sawa mwaka mzima. Mkopo nimeuacha, nimemjibu yule mama leoleo.

Sasa hesabu ya siku moja inakuwaje, yani nikienda gulioni narudi na shilingi ngapi? Nikipiga mwenyewe napata faida nzuri lakini naogopa kuna vitu nasahau.

Dula_Nachingwea:
Unasahau nauli na mkaa, wote tunavisahau hivyo. Ngoja nikupigie mfano, bei uweke za huko kwenu mana zinapanda na kushuka, mimi naweka za kukadiria tu ili uone inavyokwenda.

Chukua kunde kilo 2 kwa 2,500 ni 5,000. Mafuta, unajaza karai lita mbili au zaidi lakini yanayoliwa na bagia tuseme lita moja, 5,500. Vitunguu pilipili na viungo 1,500. Mkaa 2,000. Mifuko ya kaki 1,000. Ushuru wa gulio 500. Nauli kwenda na kurudi na mzigo wako 4,000. Jumla 19,500. Kilo mbili za kunde ukikaanga za saizi ya kawaida unapata kama bagia 250, ukiuza mia mia ni 25,000. Umebaki na 5,500 kwa siku nzima toka saa tisa usiku uko macho. Kwa kweli hiyo haikulipi.

Sasa chukua kilo 4 kwa safari ileile. Kunde 10,000, mafuta hayaongezeki mara mbili kamili tuseme 10,000, viungo 2,500, mkaa 3,000, mifuko 2,000, ushuru uleule 500, nauli ileile 4,000. Jumla 32,000, mauzo 50,000, umebaki na 18,000. Unaona tofauti imetoka wapi, nauli na ushuru havikuongezeka. Kwa hiyo gulio la mbali kama huna uhakika wa kumaliza kilo nne usiende, bora ukae Chuno sokoni. Na gulio la karibu la nauli ya elfu moja hata ukiuza kilo mbili linakulipa. Wengi wanakimbilia gulio kubwa la mbali kwa sababu lina watu wengi, sawa watu wapo, ila na wakaanga bagia wako hukohuko na wote wamelipa nauli kama wewe.

Mtafute wauza mitumba wenzako wa mtaani, wao wanakodi kirikuu au fuso ya pamoja wanachanga, magulio yote wanayajua na siku zake wanazijua kichwani. Ukichanga nao mzigo wako na meza vinaenda kwa bei ya chini kuliko bodaboda na unarudi nao jioni salama. Kwa dada peke yako usiku na hela mfukoni hilo nalo sio dogo.

Halafu hela ya mtaji itenge. Laki mbili usiimalize yote siku ya kwanza, toa sabini themanini uzungushe, inayobaki kaa nayo, mana kuna gulio mvua itapiga saa nne asubuhi watu watatawanyika na unga utakufia kwenye ndoo, sasa kama mtaji wote ulikuwa kwenye ile ndoo biashara imeishia hapo.

Salama_Masasi:
Mimi natofautiana kidogo na mama hapo juu, kwa heshima zote mama shikamoo. Kitu kimoja cha kukaanga peke yake gulioni naona ni kidogo. Gulioni mtu haji peke yake, anakuja na mke na mtoto mgongoni na mwingine kamshika mkono, mtoto anataka kashata, baba anataka kitu cha kushibisha mana katembea toka asubuhi, bagia tatu hazimshibishi. Huku Masasi wanaouza vizuri ni wale wenye mihogo ya kukaanga pembeni ya bagia, mihogo huku kusini tunalima wenyewe, ni bei rahisi, karai ni lilelile, mafuta yaleyale, na pilipili ya ukwaju inatumika kwa vyote viwili. Hapo sijaongeza kifaa chochote wala mtu. Na chai ya tangawizi kwenye chupa mbili za chai, asubuhi saa mbili mpaka saa nne inaisha yote.

Mama_wa_Karai:
Marahaba Salama mwanangu. Mihogo nakubaliana na wewe, mimi mwenyewe nauza. Ninachomkataza ni kuanza na vyote wiki ya kwanza kabla hajajua gulio lipi linakula nini. Aende na bagia na kashata mara chache aangalie watu wanauliza nini ambacho hana, wakiuliza mihogo sana aongeze mihogo. Ila chai sawa, chai na bagia haviachani.

Na mihogo achague vizuri, ile michungu asijaribu kabisa kuikaanga, anunue kwa mtu anayemfahamu aseme ni ya kutafuna. Mihogo michungu ina sumu na kukaanga hakuiondoi.

Afya_Kwanza_Lindi:
Habari dada, mimi niko kwenye sekta ya afya upande wa Lindi, naomba niongelee vibali na usafi mana nimeona hakuna aliyegusa na wewe uliuliza.

Mtu anayeandaa chakula cha kuuza anatakiwa kupimwa afya kila baada ya miezi sita. Nenda kituo cha afya au muulize bwana afya wa kata yako atakuelekeza, unapewa karatasi yako, utembee nayo. Ukiwa gulioni akija mkaguzi kitu cha kwanza anachoomba ni hicho na cha pili anaangalia nguo yako, vaa aproni na kilemba, kucha fupi.

Kitambulisho cha mjasiriamali nenda kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Vile vya mwanzo vilivyotolewa mwishoni mwa 2018 vililipiwa 20,000, sasa hivi wanasajili kidijitali kwa hiyo nenda na kitambulisho chako cha NIDA. Ushuru wa gulio ni wa halmashauri, ukilipa dai risiti ya mashine, usimpe mtu hela mkononi bila risiti kwa sababu atakuja mwingine baada ya saa moja na hutakuwa na cha kumuonyesha.

Sasa usafi, na hapa naomba unisikilize sana. Weka ndoo yenye koki na sabuni mbele ya meza yako, sio nyuma, mbele, mteja anawe kabla hajashika bagia. Miezi ya mvua magonjwa ya kuhara yanapanda, kikitokea kipindupindu sehemu uuzaji wa vyakula vya wazi unasimamishwa na hakuna anayebembelezwa. Kachumbari ndo hatari zaidi kuliko bagia, bagia imepita kwenye moto, kachumbari haijapita popote na imekatwa na kisu kilichooshwa na maji ya kisima. Mimi ningekushauri uuze na pilipili ya ukwaju iliyochemshwa, iwe kwenye chupa ya kuminya, watu wasichovye.

Kufungia usitumie gazeti, wino unaingia kwenye mafuta na mtu anaula. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019, chukua kaki. Na mafuta, ukiona yamekuwa meusi, yanatoa povu au moshi unatoka kabla hujatia kitu, hayo yamekufa, usiyaongezee mapya juu yake. Chuja kila ukimaliza kukaanga, makapi ndo yanayoharibu mafuta haraka. Najua mafuta ni bei na nimesoma hesabu ya Dula hapo juu, lakini mteja wa kijijini anakula kwako kila gulio mwaka mzima, afya yake iko mikononi mwako.

Kijana_wa_Feri:
Siku ambazo sio za gulio usikae Chuno, njoo Feri asubuhi. Boti za wavuvi zikiingia kuna wachuuzi, kuna wabeba samaki, kuna abiria wa kivuko cha Msangamkuu, wote wana njaa na wana haraka. Saa kumi na mbili mpaka saa tatu unamaliza unarudi nyumbani mtoto hajaenda mbali. Na msimu wa korosho ukianza malori yanapanga foleni kwenye maghala na kuelekea bandarini, madereva na makuli wanalala hapohapo, wale wanakula usiku pia. Mwaka jana dada mmoja alikuwa na deli la chapati na bagia anazunguka tu kwenye malori hana hata meza.

Ila madereva usiwakopeshe. Kesho lori halipo.

Binti_Chuno:
Jamani nimefurahi mpaka basi. Hilo la kukopesha ndo linaniumiza kichwa, kijijini watu watasema watanilipa korosho zikiuzwa, na nikikataa wataninunia wataenda kwa mwingine. Mnafanyaje?

Mtu_wa_Tandahimba:
Hapo nisikudanganye dada, huku kukopa mpaka korosho ni kawaida, mwenye duka wa kijijini anakopesha kwa sababu anaishi hapohapo anajua shamba la mtu liko wapi. Wewe unakuja siku moja kwa wiki unaondoka. Usikopeshe. Hata kama ni mtu mzuri, akidaiwa na wengine siku ya malipo wewe wa bagia utakuwa wa mwisho kukumbukwa. Waambie kwa upole hela ni ya mzigo wa watu, watakuelewa, watanuna kidogo na gulio lijalo watakuja kama bagia ni nzuri. Mtoto akija hana hela mpe moja, hiyo haikufilisi na mama yake ataisikia.

Salama_Masasi:
Mi nakopesha wachache lakini ni wauzaji wenzangu wa gulioni, wauza nguo wale, mana jioni wameuza wananilipa kabla hatujapanda gari. Wateja wa kijijini hapana. Na Lipa Namba weka, siku hizi hata wazee hela ya korosho ikiingia wanatoa kidogo nyingine wanaacha kwenye simu.

Bi_Mwanaidi_Lindi:
Mbona hamjamwambia habari za Ramadhani? Sisi huku pwani na hata Mtwara watu wengi wanafunga, mwezi ule asubuhi huuzi kitu, ukienda gulioni saa nne na karai lako hata kwa heshima tu haipendezi. Mwezi ule unageuza muda. Unaanza kukaanga saa tisa alasiri, unauza saa kumi mpaka adhana ya magharibi, na hapo sambusa, kalimati na bagia zinaisha watu bado wanapanga foleni, mana nyumba nyingi futari wanapika lakini vya kukaanga wananunua. Hapo ndo hiyo sambusa aliyokukataza mama uitoe, tafuta mdogo wako akunje manda mchana kutwa. Ramadhani inasogea nyuma kama siku kumi na moja kila mwaka kwa hiyo angalia mapema inaangukia wapi, ikiangukia kwenye miezi ile ya ukata ambayo kaka wa Tandahimba kasema, basi inakuokoa mjini.

Na mwezi wa nane weka akiba ya kwenda Nane Nane viwanja vya Ngongo hapa Lindi, maonyesho ya mikoa yetu ya kusini yanafanyika hapo, watu wanatoka kila wilaya. Uliza mapema kuhusu eneo la wajasiriamali wadogo usisubiri mwezi wenyewe.

Na kuhusu mtaji wa kukua, kuna ile asilimia kumi ya mapato ya ndani ya halmashauri, nne ya wanawake, nne ya vijana, mbili ya wenye ulemavu, haina riba. Ilisimamishwa 2023 ikarudi 2024. Wewe ni mwanamke na bado ni kijana. Inataka kikundi, tafuteni wanawake watano mnaoaminiana, mjisajili kwa huyohuyo afisa maendeleo aliyetajwa hapo juu. Ila mwanangu kikundi chagua watu ambao tayari wana biashara mkononi, asiwepo wa kuja kugawana hela tu, mana akishindwa yeye mnalipa nyinyi.

Dula_Nachingwea:
Naongezea hapo kwa bi Mwanaidi, kashata zikipata jina baadae unaweza kufunga kwenye vifungashio na kupeleka madukani, hapo utahitaji alama ya ubora ya TBS. Usiogope gharama, pitia SIDO, lile shirika la viwanda vidogo, Mtwara wapo na Lindi wapo, wakikupa barua ya utambulisho mjasiriamali mdogo anapata alama bila kulipia kwa miaka ya mwanzo. Lakini hiyo ni ya baadae, sasa hivi uza meza.

Binti_Chuno:
Nimeyaandika yote kwenye daftari. Nimepanga hivi, wiki hii napima afya na naenda kwa afisa maendeleo, asubuhi naanzia Feri na kilo mbili nizoee, halafu nitatafuta watu wa mitumba nijue gulio la karibu. Hela nitatoa elfu sabini tu, nyingine nampa mama yangu aniwekee.

Swali la mwisho kwa mama wa Mikindani, kashata zangu za nazi nikizipika asubuhi zinakuwa nzuri zinakatika vizuri, kesho yake zinalegea zinanatana, sasa kama ndo hizo za kulala nitauzaje?

Mama_wa_Karai:
Ni unyevu wa bahari huo, sote wa pwani tunao. Sukari inavuta maji ya hewani. Kwanza nazi yako ikaange kidogo peke yake ikauke kabla hujaitia kwenye sukari, nazi mbichi yenye maji ndo inaanza kulegeza. Pili shira iache iive, dondosha tone kwenye kikombe cha maji baridi, likiwa laini la kubonyea bado, endelea mpaka tone ligande, ukilivunja lilie. Tia iliki mwishoni. Mwaga kwenye sinia ulilopaka mafuta, kata ikiwa ya moto, halafu, na hapa ndo wengi wanaharibu, usiifunike ikiwa bado ina joto, joto linageuka maji ndani ya ndoo. Iache ipoe kabisa ndo uipange kwenye ndoo yenye mfuniko wa kubana, kila tabaka weka karatasi ya kaki. Ukifika gulioni usiifungue ndoo yote, toa za kujaza sahani moja, funga.

Na Jumamosi kama una nafasi panda bajaji uje Mikindani, ulizia mama wa bagia karibu na ufukwe watakuonyesha, uje na kilo moja ya kunde tukaange pamoja niuone unga wako ulivyo.